Akiuliza Mwananchi, Ofisi Ijibu

Ndugu msomaji, katika nchi ya Wasukuma upo wito uitwao mwano. Mtu akivamiwa usiku, au ng'ombe wake wakichukuliwa, hupaza sauti kwa namna ijulikanayo na wote, na kila aisikiaye hutoka nyumbani huku akiipokeza kwa jirani wa mbele yake, hata kijiji kizima kikawa njiani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Sungusungu walipoanza katika vijiji vya Kahama na Shinyanga, wito huo pamoja na filimbi ndivyo vilivyokuwa simu yao. Wala thamani ya mwano haikuwa katika ukali wa sauti ya mwenye kuupiga. Ilikuwa katika kuitikiwa. Mtu aliyeupiga mara tatu asione jirani, mara ya nne hujifungia ndani na kuamua shauri lake peke yake.

Leo yafaa tuzungumze juu ya wito wa siku hizi, ule unaopigwa kwa kidole juu ya kioo cha simu. Halmashauri zetu, mamlaka za maji, hospitali, polisi, tume na wakala mbalimbali, aghalabu zote zimekwisha kufungua kurasa katika Facebook, Instagram na mitandao mingine. Ni hatua njema, na hatuna sababu ya kuibeza. Lakini hebu jioni ya leo, baada ya chakula, ukae na jamaa zako ufungue ukurasa wa ofisi yoyote ya umma iliyo karibu nawe. Yapite yaliyoandikwa na ofisi, ushuke chini usome walichoandika wananchi. Mmoja anauliza maji yatatoka lini mtaani kwake. Mwingine anataka kujua kama kipimo fulani hospitalini ni cha bure au cha malipo. Wa tatu anauliza siku ya mwisho ya kurudisha fomu. Kisha yatafute majibu. Mara nyingi utakuta maswali yamejipanga kama watu walio mbele ya dirisha ambalo karani wake ameondoka bila kuaga.

UBAO AU BARAZA?

Shina la tatizo ni kwamba ofisi nyingi zimeuchukua mtandao wa kijamii kuwa ubao wa matangazo. Hubandikwa picha ya kiongozi akikata utepe, picha ya kikao, picha ya ugeni uliofika, na salamu za sikukuu. Hayo yote yana mahali pake. Hata hivyo, ubao hauna masikio, nao mtandao huu ulitengenezwa uwe na masikio. Kwa asili yake unafanana zaidi na baraza, mahali ambapo mwenye nyumba husema, kisha hunyamaza akasikiliza, na akiulizwa hujibu mbele ya wote ili na wale waliokuwa na swali hilo hilo wafaidike.

Wala kumjibu mwananchi si hisani. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika ibara ya 18, inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa juu ya matukio muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 imekwenda mbele zaidi ikaweka muda: ofisi iliyoombwa taarifa iwe imejibu ndani ya siku 30. Muda huo wafaa kwa barua na majalada. Lakini mama anayeuliza kama zahanati itafunguliwa kesho hawezi kungoja siku 30. Swali lililoulizwa kwa simu huoza upesi kama samaki.

TULIWAHI KUFANYA

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ni mageni, na kwamba watumishi wetu hawajayazoea. Sivyo. Mwaka 1973, chombo kipya kilipokuwa redio, Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya chini ya usimamizi wa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Watu wapatao milioni mbili walishiriki. Siri ya kampeni hiyo haikuwa redio peke yake, maana redio husema bila kusikia. Siri ilikuwa vikundi. Watu walikusanyika, wakasikiliza kipindi, wakasomewa kijitabu, kisha kiongozi wa kikundi aliyefundishwa kazi hiyo akawauliza: je, haya yanatuhusu vipi hapa kwetu, nasi tutafanya nini? Baada ya mazungumzo walikwenda kuchimba vyoo na kufukia madimbwi. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai kwa mpango wa namna hiyo hiyo.

Twaona basi kwamba wazee wetu, kwa chombo kisicho na masikio, walitafuta njia ya kukipatia masikio. Sisi tumepewa chombo chenye masikio tayari, nasi tunakitumia kana kwamba ni kiziwi.

KULE MACHIMBONI

Tuitazame mikoa yetu ya Shinyanga na Geita, maana huko jibu la ofisi laweza kuwa fedha ya nyumba nzima, au uhai wa mtu.

Tuanze na fedha. Machi 2019 lilifunguliwa soko la dhahabu mjini Geita, la kwanza la namna yake nchini, na masoko mengine yakafuata katika mikoa mingine. Shabaha ilikuwa kumtoa mchimbaji mdogo katika mikono ya mnunuzi wa kificho, afike mahali penye mzani unaoaminika na bei ijulikanayo. Tume ya Madini hutoa bei elekezi za madini. Lakini kijana aliyetoka duarani Lwamgasa, mwenye kipande cha dhahabu mfukoni na deni la karasha kichwani, anamwona kwanza dalali aliyefika na mzani kwenye begi. Kama bei ya siku hiyo imekwisha kufika katika simu yake asubuhi, kwa maneno mafupi, ataweza kusema "hapana". Na kama aweza kuuliza, "Mzani huu nitaujuaje kuwa umehakikiwa na Wakala wa Vipimo?" akajibiwa kabla dalali hajaondoka, hapo serikali itakuwa imesimama kando yake kweli kweli.

Tufuate uhai. Oktoba 2015 wachimbaji walifukiwa huko Nyangalata, Kahama, na watano kati yao wakatolewa baada ya siku 41 chini ya ardhi. Mwishoni mwa Januari 2017 wachimbaji 15, mmoja wao raia wa China, walifukiwa Nyarugusu mkoani Geita, wakatolewa wote wakiwa hai. Agosti 2025 mgodi wa Nyandolwa mkoani Shinyanga ulititia watu 25 wakiwa ndani. Kila inapotokea ajali ya namna hiyo, kuna wake, wazazi na watoto wanaokaa juu ya kifusi, na wengine walio mbali, wakiwa na simu mikononi. Wahenga walisema: lisemwalo lipo, na kama halipo li njiani laja. Ofisi isiposema, simu itasema; itataja idadi ya wafu wasiokufa, na majina ya waliookoka ambao bado wamo shimoni.

Dawa ya uvumi huo si kuukaripia. Dawa ni taarifa yenye saa. Ofisi inayosimamia uokoaji na iandike: sasa ni saa nne asubuhi, tunajua kwamba walioingia ni kadha, tuliokwisha kuwatoa ni kadha, jambo hili na hili hatujalijua bado, tutawaambieni tena saa saba. Na saa saba ifikapo iandike, hata kama hakuna jipya. Mtu anayengoja jamaa yake huweza kustahimili habari mbaya na hata ukosefu wa habari, maadamu anajua kwamba hajasahauliwa.

Liko pia jambo la mapato. Sheria ya Madini, baada ya marekebisho ya mwaka 2017, inautaka kila mgodi wenye leseni kuandaa kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii, ukubaliwe na halmashauri. Sheria hiyo hiyo inazitaka halmashauri kusimamia utekelezaji na kuwaelimisha wananchi juu ya miradi iliyo katika maeneo yao. Hapa mtandao una kazi yake halisi. Halmashauri na iandike jina la mradi, kijiji, mjenzi, kiasi cha fedha, na siku ya kumaliza. Kisha mwananchi wa kijiji hicho akileta picha ya darasa ambalo kuta zimesimama bila bati, asihesabiwe kuwa mchochezi. Huyo ni mkaguzi asiyelipwa mshahara.

NYUMBANI

Ukurasa huu ni wa familia, basi tuingie ndani ya nyumba. Katika machimbo yetu dhahabu bado hukamatwa kwa zebaki, na baadhi ya watu huichoma zebaki hiyo jikoni, katika jiko lile lile la kupikia ugali. Mvuke wake hauna rangi ya kutisha, lakini hudhuru mishipa ya fahamu, na kwa mama mjamzito humfikia mtoto aliye tumboni. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata juu ya zebaki mwaka 2020. Mkataba hauwezi kuingia jikoni kwa mtu; picha fupi ya dakika mbili, yenye maneno wanayoyatumia wachimbaji wenyewe, yaweza. Nayo ikiisha kuingia, mama atauliza: "Mwanangu anatetemeka mikono, je, ndiyo hiyo?" Kama hapana wa kumwelekeza aende wapi, tutakuwa tumempa hofu tukamnyima msaada.

Au tuitazame chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi. Ilianza kutolewa nchini mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ukaanza utaratibu wa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Baadhi ya wazazi walipokea sauti zilizorekodiwa, zikipita kutoka kundi moja la WhatsApp hadi jingine, zikidai kwamba chanjo hiyo inafunga kizazi. Dai hilo ni la uongo. Lakini mzazi aliyelisikia hakulisikia kwa mtu baki; alilisikia kwa dada yake, au kwa mwenzake wa kikoba. Tangazo lenye nembo ya taifa haliwezi kulishinda neno la dada. Muuguzi wa zahanati ajulikanaye kwa jina, akiwemo katika kundi la wazazi wa shule na kujibu kwa upole maswali yao moja baada ya jingine, yeye aweza.

SIMU NDOGO

Utasema, ndugu msomaji, kwamba si kila mtu ana simu ya kioo, wala si kila mwenye nayo ana bando. Ni kweli tupu, na ofisi inayosahau jambo hili itakuwa inazungumza na wenye nafasi peke yao.

Jirani zetu wa Kenya walituonyesha njia. Chifu Francis Kariuki wa Lanet Umoja, karibu na Nakuru, alijulikana mbali mwaka 2012 kwa jinsi alivyoutumia mtandao wa Twitter. Wakazi wengi wa eneo lake hawakuwa na intaneti. Waliupokea ujumbe wake kama ujumbe wa kawaida wa maandishi katika simu ndogo za vitufe. Usiku mmoja, saa kumi alfajiri, alipata habari kwamba wezi wameingia nyumbani kwa mwalimu. Akaandika maneno machache. Majirani wakatoka, nao wezi wakakimbia. Kwa njia hiyo hiyo alitangaza hata kondoo aliyepotea. Chifu huyo alifariki mwaka 2015, lakini somo lake limebaki: alijifunga kwa watu wa eneo moja, akasema mambo yanayowahusu, kwa ufupi, kwa chombo walichonacho, nao wakaitikia kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa mwitikiaji. Msomaji wa Shinyanga ataona kwamba huo ni mwano uliovikwa nguo mpya.

Nasi tunazo njia. Mamlaka ya Serikali Mtandao imetengeneza mfumo wa e-Mrejesho, ambao kwa huo mwananchi hupeleka malalamiko, maulizo, maoni au pongezi kwa taasisi za umma, nao hufikiwa hata kwa simu ndogo kwa kubonyeza *152*00#. Mamlaka ya Mawasiliano imeweka namba 15040 ya kupelekea ujumbe wa matapeli, wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Redio za mikoani nazo zipo. Ofisi yenye busara itayachukua maswali ya mtandaoni ya juma zima, iyajibu redioni siku moja maalumu, kisha iyabandike kwenye mbao za kata. Kwa hiyo bibi wa Kishapu asiye na simu atapata jibu la swali aliloliuliza mjukuu wa Kahama.

NANI AJIBU?

Kikwazo kikubwa ki ndani ya ofisi yenyewe. Aghalabu ukurasa huachiwa afisa habari mmoja mwenye kamera. Swali la bomba lililopasuka linamfikia yeye, lakini jibu analo fundi. Swali la dawa linamfikia yeye, lakini jibu analo mfamasia. Pasipokuwa na utaratibu wa kulisafirisha swali ndani ya ofisi, afisa huyo atabaki na picha zake za mikutano, wala kosa si lake.

Basi yafaa kila ofisi iamue mambo machache, tena bila kungoja fedha ya mradi. Kila idara itaje mtu wa zamu wa kujibu. Swali lijibiwe siku ile ile, au mwulizaji aambiwe siku atakayojibiwa. Jibu la jambo la wote litolewe mbele ya wote. Jambo la siri ya mtu lihamishiwe faragha, maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haichezewi, na kadi ya mgonjwa si ya kuanikwa. Kila mwezi, maswali yaliyojirudia yapelekwe kwenye kikao cha wakuu wa idara. Na mkuu wa ofisi anapotaka kujua kama ukurasa wake unafanya kazi, asiulize una wafuasi wangapi. Aulize ni maswali mangapi yaliyoulizwa na ni mangapi yaliyojibiwa.

MLANGO NA KUFULI

Hatuna budi kutaja hatari nazo. Mei 20, 2025 ukurasa wa Jeshi la Polisi katika mtandao wa X uliingiliwa, na habari za uongo zikatolewa kwa jina la jeshi. Ukurasa wa ofisi ni muhuri wa ofisi. Nywila zake zisiwe mali ya mtu mmoja wala zisiandikwe kwenye karatasi ya mezani. Baada ya hapo mtandao wenyewe wa X ukawa haufunguki nchini kwa njia ya kawaida. Na Oktoba 29 mwaka huo, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimika nchini kote kwa siku kadhaa.

Ofisi iliyokuwa imeweka maneno yake yote katika kapu moja ilibaki bubu siku hizo. Ndiyo maana redio, ubao, kipaza sauti na mkutano wa mtaa visitupwe. Lakini tuseme pia pasipo kuzunguka: hatuwezi kumfundisha mwananchi kuja barazani, kisha baraza likafungwa siku ile ambayo ana maswali mengi kuliko siku zote. Kadhalika Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ina adhabu kali kwa mwenye kueneza uongo kwa makusudi. Ni haki uongo wa makusudi uadhibiwe. Ila mtumishi wa umma ajue kutenganisha uongo na swali, na kutenganisha uchochezi na uchungu wa mtu aliyekosa maji siku tano. Kuuliza si ujinga, na kwa hakika si uhalifu.

WAJIBU WETU

Nasi tulio upande wa pili wa kioo tusijione watakatifu. Matusi si swali. Ukiandika "ninyi hamfanyi kazi" hujampa mtumishi jambo la kushika. Ukiandika mtaa wako, siku maji yalipokatika, na bomba lilipopasukia, umempa kazi. Usiisambaze sauti usiyojua mwenyewe ni nani. Ikiwa habari inahusu ajali au maradhi, ingoje ofisi iseme; na ofisi isiposema, iulize waziwazi. Wafundishe watoto hivyo hivyo, kwa sababu wao ndio wasomaji wa simu za bibi na babu.

Na ukijibiwa vizuri, shukuru mbele ya watu. Mtumishi aliyejibu saa tatu usiku, akiwa kwake na watoto wake, naye ni binadamu.

Juma hili basi, chagua swali moja la kweli linaloigusa nyumba yako, liulize kwa adabu katika ukurasa wa ofisi inayohusika, uandike kando siku uliyouliza. Ukijibiwa, waambie jirani. Usipojibiwa, lipeleke kwenye mkutano wa mtaa, ulisome mbele ya mwenyekiti na mtendaji pamoja na siku yake.

Panapo majaliwa, tukutane Jumapili ijayo.